Mkate wa Mayai Uliojazwa Ndizi: Kiamshakinywa cha Mwisho wa Juma

   Vuta kiti ukae. Ikiwa una kalamu na karatasi, ziweke karibu, kwa maana leo tunaingia jikoni.

Kabla ya kuwasha jiko, nina swali moja. Mtoto wako alikula nini jana asubuhi?

Usione haya, jijibu tu moyoni. Katika nyumba nyingi za Nyaramba, Ikonge, Ekerenyo na vijiji vya karibu jibu ni moja: chai. Siku njema, chai na kipande cha mkate au andazi. Siku mbaya, chai ya rangi isiyo na maziwa, sukari nyingi, kisha mtoto anashika njia ya shule. Hatuwalaumu akina mama. Mama wa sehemu hii anaamka kukiwa bado giza, anakama ng'ombe, anabeba kikapu kwenda kuchuma majani chai kabla jua halijawa kali, halafu anapeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Chai inachemka haraka na inapasha mwili joto, na asubuhi za huku kwetu ni za baridi. Lakini chai si chakula, mama. Mtoto anashiba maji na sukari, na kufikia saa nne tumbo linanguruma.

Sasa tuangalie nyuma ya nyumba hiyohiyo. Kuna migomba. Pengine kuna mparachichi, mpera, mpapai mmoja au miwili, au pasheni inayotambaa kwenye ua. Kuku wanachakura, na wawili watatu wanataga. Vitu hivi vyote huenda wapi? Mkungu huuzwa kwa mchuuzi anayekuja na lori. Mayai hupelekwa dukani. Kwa pesa zilezile tunanunua sukari, majani ya chai ya pakiti na mandazi. Tumeuza chakula tukanunua chai, katika nchi inayolima chai!

Siwaambii msiuze. Karo inahitajika, sabuni inahitajika. Ninachoomba ni hiki: kabla mkungu haujapakiwa, toa kichane kimoja kibaki nyumbani. Kabla mayai hayajakwenda dukani, weka kando ya watoto. Kichane hicho na mayai hayo ndivyo tutakavyopikia leo.

KWA NINI TUNALISUMBUKIA JAMBO HILI

Mwili na ubongo wa mtoto hujengwa zaidi katika siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotungwa hadi anapotimiza miaka miwili. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha na cha namna mbalimbali wakati huo hudumaa. Anakuwa mfupi kuliko umri wake, anaugua mara kwa mara, na darasani anaweza kupata shida ya kushika masomo. Ubaya wa kudumaa ni kwamba baada ya miaka miwili ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Habari njema ni kwamba nchi yetu imepiga hatua. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 35 walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2014 ukaonyesha 26. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 18. Kwa hiyo inawezekana! Hata hivyo 18 kati ya 100 ni karibu mtoto mmoja katika kila watoto watano au sita. Hesabu watoto wa jirani zako, utaona kwamba jambo hili haliko mbali.

Yai ni chakula kidogo chenye kazi kubwa. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini ya kujenga mwili, na pia lina mafuta, vitamini A na virutubishi vinavyosaidia ubongo kukua. Ndizi mbivu humpa mtoto nguvu, na ni laini kutafuna. Papai na embe zina madini na vitamini A ya kulinda macho na kumkinga mtoto na magonjwa. Pera na pasheni zina vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga, maharagwe na unga.

Wapo wanaosema kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema. Wengine husema mama mja mzito akila mayai mtoto atakuwa mkubwa mno tumboni. Tumewasikia, na tunawaheshimu wazee wetu waliotulea, lakini hayo si kweli. Yai lililoiva vizuri humfaa mtoto kuanzia miezi sita, na humfaa mama mja mzito na anayenyonyesha.

CHAKULA CHENYEWE

Chakula cha leo ni mkate uliojazwa ndizi, ukachovywa kwenye mayai na maziwa, kisha ukakaangwa. Huko Pwani ukiomba mkate wa mayai utaletewa aina ya keki, kwa hiyo tusichanganye. Huu wetu ni ule mkate wa slesi wa dukani. Wafaransa wanaujua siku nyingi, nao huuita pain perdu, maana yake mkate uliopotea, kwa sababu unaokoa mkate uliokauka ambao ungetupwa. Katika hoteli kubwa za mjini wageni huulipia pesa nyingi. Wewe utaupika kwa mayai ya kuku wako na ndizi za shamba lako.

Kwa nini mwisho wa juma? Kwa sababu watoto wapo nyumbani na wewe huna haraka ya kengele ya shule. Ninyi mnaoshika Sabato, siku yenu ni Jumapili asubuhi. Msiuloweke mkate kwenye mayai Ijumaa mkauacha mpaka kesho yake, kwa maana mayai mabichi yasiyo kwenye friji huharibika. Ninyi mnaokwenda kanisani Jumapili, siku yenu ni Jumamosi. Kila nyumba ina siku yake.

Kwa watu sita, tayarisha vitu hivi:

Slesi 12 za mkate. Mkate wa jana au juzi ni bora kuliko wa leo, maana hauchaniki ukilowa.
Mayai 6.
Kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa.
Ndizi mbivu 4, zile ambazo ganda limeanza madoa ya kahawia.
Mafuta ya kupikia, vijiko vitatu au vinne vya mezani.
Mdalasini kidogo, ukiwa nao. Usipokuwa nao, si hoja.
Papai, embe, mapera au pasheni za kula kando.

Umesikia nikitaja sukari? La. Ndizi iliyoiva ina utamu wa kutosha. Mtoto akizoea utamu wa tunda tangu utotoni, hatasumbua sana dukani.

Neno moja kuhusu mkate. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi kwenye slesi moja, usikate kile kipande ukala kilichobaki. Ukungu huingia ndani mahali macho hayaoni. Mkate mkavu ni wa kuokolewa, lakini mkate wenye ukungu ni wa kutupwa.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha ndizi na matunda mengine kabla ya kumenya. Wape watoto wakubwa kazi hii. Mtoto aliyeshiriki kupika hula kwa hamu.

Pili, menya ndizi, uziponde kwa uma kwenye bakuli mpaka zilainike. Ukipenda, changanya na parachichi nusu au kijiko cha siagi ya njugu. Usitie papai wala nanasi ndani, kwa sababu maji yake yatalowesha mkate ukapasuka. Hayo yaliwe kando.

Tatu, paka ndizi kwenye slesi 6. Acha ukingo wa upana wa kidole bila kupaka. Funika kila moja kwa slesi nyingine, kisha bonyeza kingo kwa vidole ili zishikane. Usijaze mno, ujazo ukizidi utamwagika kwenye mafuta.

Nne, vunja mayai, moja moja, kwenye kikombe kabla ya kuyatia katika bakuli. Yai likiwa bovu, litaharibu kikombe tu na mengine yatapona. Yai lenye ufa wa zamani usilitumie. Ukimaliza, nawa mikono tena, kwa sababu ganda la yai huwa na vijidudu vya kuharisha. Piga mayai pamoja na maziwa na mdalasini mpaka yachanganyike.

Tano, weka kikaango kwenye moto mdogo, utie mafuta kijiko kimoja. Moto ukiwa mkali, nje kutaungua na ndani yai litabaki bichi. Ikiwa unatumia kuni, vuta vijiti nje kidogo ubakishe makaa.

Sita, chovya mkate uliojazwa upande mmoja, hesabu moja mpaka tano, ugeuze, uhesabu tena. Uinue, uache udondoke kidogo, uweke kwenye kikaango. Kaanga dakika tatu au nne kila upande, mpaka uwe na rangi ya dhahabu. Bonyeza katikati kwa mwiko. Ukiona ute wa yai unatoka, bado haujaiva. Ukiwa imara na hakuna kinachotoka, toa. Mayai yakibaki kwenye bakuli, usiyamwage. Yakaange uwaongezee watoto.

Pakua ungali moto, na matunda kando. Hesabu yetu ni rahisi: mayai sita, watu sita, kila mmoja amepata karibu yai lake zima.

NANI ALE KIASI GANI

Mtoto wa chini ya miezi sita hali mkate huu. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji.

Mtoto wa miezi sita hadi minane, mpondee ndizi pamoja na yai lililochemshwa likaiva kabisa, ulilainishe kwa maziwa yako mwenyewe. Mara ya kwanza mpe yai kidogo tu, kama ncha ya kijiko, umwangalie. Watoto wachache hudhuriwa na mayai au njugu. Ukiona midomo inavimba, vipele vinatoka mwili mzima au anapumua kwa shida, usingoje, mkimbize hospitali.

Kuanzia miezi tisa hivi, mkate huu mkatie vipande virefu laini anavyoweza kushika. Akae wima anapokula, na mtu mzima awe karibu. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano njugu nzima, kwa sababu humkwama kooni. Njugu ziwe za kusagwa. Na asali, mama, usimpe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi. Mkate huu haushiki nafasi ya ziwa.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, nusu inamtosha, pamoja na matunda. Watoto wa shule na watu wazima, mmoja mmoja.

Wewe nyanya mwenye ugonjwa wa sukari, usijinyime kukaa na wajukuu mezani. Kula nusu, bila sukari, na utumie mkate wa ngano nzima ukipatikana. Ndizi iwe kidogo. Fuata ulivyoshauriwa na daktari wako.

Hapa niseme na akina baba pia. Desturi yetu ni kumpakulia baba kwanza, na kipande kikubwa ndicho chake. Ni heshima, hatuivunji. Lakini mtoto mdogo na mama mja mzito wakingoja mabaki, wanaodhurika ndio wale wanaohitaji zaidi. Baba anayesema mezani, "Mpeni mdogo yai lake kwanza," hapunguzi heshima yake, anaiongeza.

NA CHAI JE?

Najua mnangoja niwaambie kuhusu chai. Hatutaiondoa, sisi ni watu wa chai. Lakini chai ina kitu kinachozuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika chakula. Mtoto anayekunywa chai kila mlo anaweza kukosa damu hata kama anakula mboga. Kwa hiyo mtoto mdogo asipewe chai kabisa. Mpe maziwa yaliyochemshwa, uji au maji safi. Mtu mzima anywe chai yake saa moja hivi baada ya kula. Na siku unapopika chinsaga au managu na ugali, usiteremshie kwa chai. Kula pera au chungwa baadaye, hapo umezisaidia mboga kufanya kazi.

KAMA HUNA MKATE, KAMA HUNA MAYAI SITA

Pengine unasema, "Wewe unaongea tu, kwangu mkate ni wa Krismasi." Nimekusikia. Chemsha viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya chungwa ndani, vyenye vitamini A kwa wingi. Vikate vipande vinene, uvichovye kwenye yai, ukaange hivyohivyo. Kula na ndizi kando. Kama una mayai matatu, yatumie kwa watoto watatu wadogo, na wakubwa wale viazi na parachichi. Kama una yai moja tu, ni la mtoto mdogo kuliko wote aliyepita miezi sita.

Ukinunua unga wa ngano au mahindi wa pakiti, tazama alama ya kuonyesha umeongezwa virutubishi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe madini na vitamini. Unga wa posho wa kusaga kwa mashine ya kijijini hauongezwi, na ndiyo sababu nyumba inayoutumia inahitaji zaidi mayai, mboga, maharagwe na matunda.

TAHADHARI YA MOTO

Watoto wengi huungua jikoni siku ambazo nyumba imejaa watu. Geuza mshikio wa kikaango uelekee ukutani. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni unapokaanga. Yule anayetambaa awekwe na mkubwa wake mbali na moto. Ikitokea ameungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya. Usimpake yai, wala mafuta, wala dawa ya meno. Yai ni la kuliwa, si la kupakwa kwenye kidonda cha moto.

MPIMENI MTOTO

Kiamshakinywa kimoja hakimwondolei mtoto udhaifu. Ukiona nguo zake zinazidi kuwa kubwa, nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba, au hachezi kama wenzake, usiseme ni kijicho cha jirani. Mwite mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako ampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, ni hatari, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, anahitaji msaada kabla hajafika kwenye nyekundu. Kijani ni salama, endelea hivyo. Usisahau vitamini A kila miezi sita na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Minyoo ikiwa tumboni, yai umelilisha minyoo.

Na sasa, mama, tuagane kwa kazi ya nyumbani. Juma hili, kuku wakitaga, chukua kibuyu au kikapu kidogo ukiite cha watoto. Weka yai moja leo, jingine kesho kutwa. Mwisho wa juma ukifika, kifungue mbele yao wahesabu wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha piga hesabu ya pesa ulizotoa kwa sukari na mandazi juma zima, ulinganishe na bei ya mayai uliyouza. Jibu utalipata wewe mwenyewe, bila kuambiwa na mtu wa redio.

Mambo ya kukumbuka:
1. Chai si chakula cha mtoto.
2. Toa kichane na mayai ya watoto kabla ya kuuza.
3. Yai liive kabisa. Mkate wenye ukungu utupwe.
4. Hakuna asali kabla ya mwaka mmoja, hakuna njugu nzima kabla ya miaka mitano.
5. Mdogo apakuliwe mapema, na mkono wake upimwe.

Tukutane tena juma lijalo, saa hii hii, tuzungumze juu ya maji safi ya kunywa. Mimi nawaaga. Watoto wale washibe, na mama naye asisahau kujipakulia.